Katuni Uliyomchorea Mama

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Mjomba.
Tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kifutio,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini kidonda kimekauka, unakula vizuri na hubebi vitu vizito. Sisi ni wazima. Presha ya mama imeshuka tangu juzi, na ameanza tena kulalamika kwamba chakula hakina chumvi, kwa hiyo ujue amepona. Mimi ni magoti tu, ndiyo malipo ya kusimama kutwa kwenye mashine ya fotokopi. Nimekuita Kifutio makusudi, jina ulilolipata kwa kufuta kila ulichochora mpaka karatasi inatoboka. Nataka ukumbuke kwamba mimi ni mkubwa wako kabla hujasoma ninayotaka kuungama.

Kwanza asante kwa vitabu vya katuni. Vile vikubwa vya jalada gumu, ambavyo unasema huko vilikotoka watu wazima huvisoma kwenye treni bila aibu, mjomba amevihamishia karakana. Sasa wateja wanasubiri mageti yao yachomelewe huku wanatazama picha. Lugha hakuna anayeielewa, lakini wanabishana vikali nani ndiye mwizi.

Vile vidogo vitatu, vya huko unakofanya kazi, ndivyo vilivyoniponza. Nilipovifungua nikakuta jalada liko nyuma na mwisho uko mbele. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ya kujalidi vitabu, nikasema hawa wenzetu walisinzia kazini. Nikavikata mgongo vyote vitatu, nikavigundisha upande wa pili, nikavinyoosha kingo. Vilitoka safi kabisa! Ila hadithi haikunyooka: mtu anapigwa kwanza, halafu anatukana, halafu ndiyo anakutana na adui yake. Nikaona basi, ndivyo wachoraji wa huko walivyo. Haikunijia hata kidogo kwamba kwao kila kitu, mpaka visanduku vya picha ndani ya ukurasa, husomwa kuanzia kulia.

Ndipo ikafika ile karatasi yako ndefu yenye visanduku sita, uliyomchorea mama bila neno hata moja, kwa kuwa yeye na herufi hawajuani. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaniita nimsomee. Nikanyoosha kidole, nikaanzia kushoto kama ninavyoanza kila kitu.

Nikamwambia hapa yuko mlangoni na begi lake, anatupungia mkono, ndiyo siku aliyoondoka. Hapa yuko kazini anachora. Hapa amelala kitandani. Hapa daktari ameshika kisu. Hapa watu wamembeba. Nikafika cha mwisho, na wewe uko sakafuni chini ya meza yako, umefumba macho. Karatasi ikaishia hapo.

Mama akakiinamia kile kisanduku. Akauliza, "Sasa hapa nani anamwinua?" Nikaigeuza karatasi, nyuma palikuwa patupu.

Na lile puto ulilojichorea puani pale kitandani! Katuni za magazeti yetu mtu akilala huandikiwa mkoromo juu ya kichwa, hakuna anayetoa puto puani. Kumbe huko ndiyo alama ya usingizi. Mjomba alilichunguza akasema hiyo ni pumzi inamtoka. Mtu kazi yake kuchomelea vyuma, siku hiyo akageuka daktari.

Najua utasema ulipiga simu Jumamosi ukamwambia umepona. Kweli ulipiga. Lakini baba naye alimwambia hivyo hivyo kwa simu kutoka hospitali, na Jumatatu tukamzika. Tangu hapo mama husikiliza simu kwa adabu tu. Picha ndiyo aliyoiamini. Alisema, "Mdomo wake unaweza kunificha. Mkono wake haujawahi." Akafunika cherehani. Siku nne alishinda na chai kavu, na sare za wanafunzi zimekwisha kukatwa zikalala kapuni. Mdogo wangu, niliogopa sana. Niliona tutampoteza yeye huku tukikulilia wewe.

Siku ya tano akaniomba nimkuzie kile kisanduku cha mwisho, auone uso wako vizuri. Nikaikuza karatasi yote kipande kwa kipande, nikaunga kwa gundi, ikawa na urefu wa kitanda. Akaitandaza kwenye meza ya kukatia nguo, akavaa miwani. Uso hakuutazama. Jicho lake liliishia kwenye kile cha mlangoni, pale ulipoinua mkono na shati likapanda. Akakuwekea kidole tumboni.

"Huyu ameshonwa," akasema. "Nyuzi saba. Ameshonwa lini, na daktari hajamkata bado?"

Nikahesabu. Saba kweli. Kwenye karatasi yako ndogo nilidhani ni zipu ya begi.

"Unakata kwanza, ndiyo unashona," akaniambia, kama ananifundisha kazi. Halafu akaenda mwisho wa meza, upande wa kulia, akaanza upya na kidole chake mwenyewe: umeanguka, umebebwa, umepasuliwa, umelala, umerudi kazini, uko mlangoni. Alipofika hapo akakaa akalia, kisha akacheka, kisha akanigeukia mimi. Niliyoitwa siyaandiki hapa. Nilistahili yote.

Nisamehe, mdogo wangu. Lakini na wewe una lako. Mshale mmoja tu ungetosha.

Sasa liko jambo moja. Mlango ule ni wetu, umeuchora mpaka na kitasa kilicholegea. Mama anasema kumbe ile si siku uliyoondoka, ni siku unayorudi. Ameanza kukushonea shati, kiuno amekiacha kipana lisikukwaruze kidonda. Miaka tisa, Kifutio. Niambie ukweli: ulikichora kwa sababu unakuja, au kwa sababu hadithi ilitaka mwisho? Kama huji, niandikie mimi, nitajua namna ya kumwambia. Usimpigie simu.

Mjomba anakusalimu na anaomba vitabu vingine, lakini vya wezi. Shemeji yako na wapwa zako wanakusalimu pia. Wasalimie wenzako wa kazini, uwaombe radhi kwa vitabu vyao nilivyovikata. Mungu akifunge kidonda chako, akufungulie na njia.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha mama akaja na jibu lake. Amelichora kwa chaki ya fundi kwenye karatasi ya kaki ya kukatia mitindo, nami nimelitoa fotokopi maana chaki ingefutika njiani. Ni visanduku vitatu, anasema uanzie kulia. Cha kwanza ni mimi, na kidole kirefu kama rula. Cha pili ni yeye na shati lako kwenye cherehani. Cha tatu ni mlango wetu, uko wazi, na pale kizingitini hakuna mtu. Nilitaka nikuchore hapo kwa kalamu. Akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Hapo nimemwachia nafasi aingie mwenyewe."