Jina Langu Lilipoitwa Ndivani

(Nimeyanakili haya kutoka kwenye daftari langu la zamani, la mwaka ule shamba la mkonge lilipouzwa na sisi tukapewa barua za kupunguzwa kazi. Sijabadilisha kitu, ingawa kuna mahali nilitamani.)

Mamba, Jumanne jioni

Leo ukungu haukuondoka hadi saa tano. Nimevaa masweta mawili na bado baridi inaniingia kwenye mifupa, mimi niliyezaliwa hapahapa. Miaka ishirini na minane ya jua la tambarare imenifanya mgeni kwetu.

Nina aibu. Naanza na hilo nisije nikalizungukazunguka, kama nilivyofanya wiki nzima.

Nilipanda huku Jumatano iliyopita na lori lililokuja kuchukua tangawizi. Nilikuja na neno moja tu la kumwambia mdogo wangu Eliamini: kwamba sitajenga Mamba. Nitaishi Same mjini, mimi na mke wangu Namsifu. Kiwanja tumeshapata, si mbali na barabara kuu, na msingi umeshachimbwa. Neno lenyewe ndilo hilo. Siku sita zimepita na sijalisema.

Kosa lilianzia kwenye barua. Shamba lilipouzwa, mwenye mali mpya alisema hahitaji karani wa stoo. Nilirudi kwenye kota na ile karatasi mfukoni, nikajiona mdogo kama sisimizi. Jioni ileile nikamwandikia Eliamini. Sikuandika kwamba nimepunguzwa. Niliandika kwamba nimeamua kustaafu, na kwamba anitayarishie kile kipande cha chini alichoniachia baba, nijenge nyumba ya kisasa ya matofali ya kuchoma. Nilitaka walau mtu mmoja aamini kuwa narudi nikiwa na kitu. Nikalamba bahasha, nikaisahau.

Eliamini hakuisahau.

Nilipofika nilikuta kipande cha chini ni cheupe, hakina hata jani. Kabla ya barua yangu kilikuwa kimejaa tangawizi. Ameing'oa yote ingali changa ili nipate pa kujenga, na wanunuzi wameikataa. Imerundikwa karibu na mlango. Shemeji yangu, mke wa Eliamini, anaitia kwenye chai asubuhi na jioni isiharibike bure, na mimi ndiye ninayejaziwa kikombe kwanza, kwa kuwa ni mgeni na ni mkubwa.

Nikanywa, nikashukuru, nikaomba kingine.

Kwa muda mrefu nimejiambia kuwa sababu ni magoti ya Namsifu. Hospitali iko karibu ukiwa Same, umeme upo, mabasi yanapita kutwa, na yeye miguu yake haiwezi hii milima. Nimewaeleza watu hivyo hadi naye ameanza kuchechemea akiwaona. Ukweli ni kwamba Namsifu anapanda mlima kunishinda. Ni mimi.

Same wananiita Bwana Stoo. Nikikaa pale kwenye benchi la kahawa, kuna wazee wanaokumbuka zama za foleni, wakati kipande cha sabuni kilikuwa habari ya wiki nzima na funguo za stoo ya shamba nilikuwa nazo mimi. Sasa maduka yamejaa sabuni za kila rangi na hakuna anayemtafuta mwenye funguo, lakini pale bado kuna watu wanaonisogezea kiti. Huku juu nitakuwa mzee anayefundishwa kushika jembe. Nimeogopa hilo tu. Si baridi, si magoti.

Leo ilikuwa siku ya msaragambo. Pembe ilipigwa alfajiri, na pembe ikilia kila kaya inatoa mtu, hakuna mjadala. Kazi ilikuwa kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe na kila shamba lipate kwa zamu. Kaya isiyofika kazini hupoteza zamu yake ya maji. Huo ndio utaratibu tangu enzi za babu zetu, na haujali umesoma wapi.

Nilikwenda kusalimia. Nilivaa suruali yenye mikunjo ya pasi na viatu vyangu vya ofisini, makusudi, ieleweke kuwa nimekuja kutazama.

Msimamizi wa mfereji, mzee mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, alisimama ukingoni akaanza kuita majina ya wenye kaya. Haandiki popote, yote anayo kichwani. Alipomwita Eliamini, Eliamini aliitika, "Nipo!" Likafuata jina langu.

Nilishtuka. Sikujua kuwa jina langu bado linaitwa mahali pale. Kabla sijafungua mdomo, Eliamini akaitika tena, "Nipo!", kwa sauti ileile, koleo begani, bila hata kugeuka.

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja jirani akasema, "We Eliamini, si mwenyewe huyo hapo kasimama?" Eliamini akajikuna kichwa na kucheka pamoja nao. "Mazoea, jamani," akasema.

Nilimsogelea yule mama nikamuuliza, mazoea ya tangu lini. Alinitazama kama mtu anayetaniwa. Tangu baba yenu afariki, akasema. Kila msaragambo mdogo wako hupimiwa vipande viwili vya kazi. Akimaliza chake, wenzake wakienda kunywa uji, yeye anaanza chako. Ndiyo maana zamu yako ya maji ipo hadi leo.

Baba alifariki mwaka niliopandishwa kuwa karani. Kila likizo tangu hapo nilikuja, nikakaa siku nne, nikatazama maji yakiingia kwenye kile kipande changu, nikarudi kazini na kuwaambia wenzangu kwamba kwetu maji si tatizo. Nilisema kama vile yanashuka yenyewe kutoka mbinguni. Sikuwahi kuuliza hata mara moja.

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia kwenye tope. Nilifika kama nusu ya kipande changu nikashindwa kuinua koleo. Eliamini alikuja, akanipokea koleo, akamalizia. Hakuwa ananionea huruma. Alikuwa anafanya kazi yake ya kila wiki.

Laiti yangeishia hapo.

Kazi ilipokwisha watu hawakutawanyika. Msaragambo ni kazi ya kijiji, si ya mtu mmoja, lakini Eliamini alikuwa amewaomba, nao hawakuweza kumkatalia mtu anayeitika mara mbili. Walipitia kijitoni, kila mmoja akabeba jiwe, wanaume begani na wanawake kichwani, hadi kwenye kipande cha chini. Mawe ya msingi wa nyumba yangu. Bibi aliyenifundisha Shule ya Jumapili, ambaye sasa anatembelea fimbo, alileta jiwe dogo kama boga changa, akaliweka miguuni pangu. "Karibu nyumbani, mwanangu," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Watu wote walikuwa wakinitazama, nafasi ilikuwa wazi kabisa.

Nikatoa hotuba. Mungu anisamehe, nilitoa hotuba. Nilizungumzia umoja, nikazungumzia asili, nikasema mkono wangu hautawasahau. Walipiga makofi, wakala makande, wakaenda zao.

Saa tisa tulibaki wawili, mimi na Eliamini, tumekaa juu ya yale mawe. Alikuwa anatoa tope kwenye kucha zake kwa kijiti na kuniuliza mlango nitauelekeza wapi. Hapo nikashindwa kuendelea kuficha. Nilianza na magoti ya Namsifu, nikaona haya katikati ya sentensi, nikaacha. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo: barua ya kupunguzwa, barua niliyomwandikia yeye, kiwanja cha Same, msingi uliochimbwa tayari.

Alikitupa kile kijiti. Eliamini si mtu wa hasira, na leo nilitamani awe nazo.

"Same si mbali, kaka," akasema. "Kaa unapopenda. Mawe hayaozi, tutajengea kingo za mfereji." Akainuka, akashika kiuno kwa mikono miwili kama anavyofanya baba kwenye kumbukumbu zangu. "Ila na mimi nazeeka. Mgongo huu umechoka. Jumanne ijayo jina lako likiitwa, sitaitika."

Alikwenda kwenye lile rundo la mlangoni, na hadi sasa ninapoandika bado yuko pale na mke wake, wanachambua vipande vyenye macho ya kuchipua ili wavirudishe shambani.

Kumbe miaka yote hii nilikuwa naishi Mamba, na aliyekuwa akiishi huku kwa niaba yangu ni yeye. Nilidhani nimebakiwa na swali la mahali pa kuzeekea, Same au huku, umeme au ukungu. Sasa naona swali ni kama nina uso wa kuitika.

Lori linashuka kesho asubuhi. Nimemwambia shemeji nitashuka nalo kumweleza Namsifu, na kwamba Jumatatu nitapanda tena, na kila Jumatatu baada ya hiyo, popote nitakapokuwa nalala. Aliitikia kwa adabu. Hakuniamini, na simlaumu.

Muda mfupi uliopita nilifunga mlango wa chumba nikajaribu kulisema peke yangu, kwa sauti ya chini wasinisikie. "Nipo."

Limetoka kama la mtu anayedanganya. Ninazo siku saba za kujizoeza.