Jedida Nzai, Aliyemtunga Mwenyeji

Wembe ukikwaruza penseli: hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikimwamsha nyanya yako kabla jogoo hajawika, na maganda yakidondokea kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Leo umetimia mwaka, Jedida, tangu sauti hiyo ikatike katika nyumba yetu ya Kilifi. Ulituacha Ijumaa, tarehe 19 Agosti 1988, ukiwa na miaka ishirini na tisa, kwa ugonjwa wa moyo uliokuandama tangu utotoni. Hawe, kama ulivyozoea kumwita nyanya yako Kahonzi, bado huamka saa ile ile. Huketi kitandani akasikiliza kidogo, kisha huenda kuwasha moto.

Ulikuwa mtu wa mambo madogo madogo ambayo hayatangazwi. Ukitoka kazini ulipitia kwa Mama Tumu, ambaye macho yake hayaoni tena, ukamsomea barua za mwanawe. Na barua ikiwa na maneno makali, uliyaruka. Ulisema unapenda ukoko wa wali kuliko wali wenyewe. Hawe alijua kwamba huupendi, kwamba ulikuwa ukiwaachia ndugu zako Easter na Gona washibe. Hakukwambia kuwa anajua. Alikuwa akikupakulia ukoko ulio laini.

Katika ofisi yenu ya mradi wa kilimo mlikuwa na kompyuta moja, na wewe ndiye uliyekabidhiwa. Mwaka wa 1985 ulianza kuitungia programu kwa fikra zako mwenyewe. Uliiandika kwanza kwa penseli, katika madaftari ya shule, mezani hapa nyumbani, halafu ukaenda kuichapa ofisini baada ya kazi, kwa ruhusa ya mkubwa wako. Hawe alitaka kujua inafanya nini.

"Ni kama muuza duka aliyekaa nyuma ya kaunta," ulimwambia. "Haendi popote. Kompyuta nyingine inampigia simu, inamwambia nataka karatasi fulani. Yeye anaitafuta, anaitoa. Anangoja mwingine."

"Analala saa ngapi?"

"Halali, Hawe."

"Basi huyo atakuwa na kisirani."

Ulicheka mpaka ukashika kifua. Ukaipa jina la Mwenyeji. Kompyuta inayopiga simu ilituma neno HODI, na Mwenyeji akaitikia KARIBU.

Lakini simu zetu tunazijua. Laini ikiwa mbovu, ile iliyopiga ilibisha hodi bila kukoma, ikaziba njia, na wengine wote wakakosa nafasi. Siku nyingi ulikaa ukiutazama ukurasa mmoja. Hawe, akichambua mchicha, akakuuliza, "Kwani huko hawana adabu? Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unakwenda zako, unarudi baadaye." Uliinua uso ukamtazama kama aliyekupa zawadi. Kesho yake ulifanya hivyo hivyo, hodi tatu kisha ondoka, na njia ikafunguka. Ukaandika juu kabisa ya programu, chini ya jina lako: "Hodi tatu ni fikra ya Kahonzi, nyanya yangu, Kilifi." Mwanamke aliyejifunza kusoma katika darasa la ngumbaru akiwa na wajukuu! Alikuomba umwoneshe mstari huo mara nne.

Mwenyeji hukumuuza. Aliyemtaka alileta diski tupu na bahasha yenye stempu, nawe ukamwekea programu nzima pamoja na namna ilivyotungwa, bila kuficha kitu, na karatasi iliyosema: "Chukua, tumia, rekebisha. Ukirekebisha nirudishie, nami niwape wengine. Majina ya waliofanya kazi usiyafute." Sharti lingine lilikuwa kwamba anayechukua kwa mkono aandike jina katika daftari lililokaa juu ya meza, ili ukipata kosa ujue umpelekee nani marekebisho.

Waliomchukua walifika mia moja thelathini na mmoja. Ofisi za miradi, hospitali za misheni, hoteli, vyuo, hapa kwetu na Tanzania na Zambia. Waliorudisha marekebisho walikuwa wawili tu. Mmoja ni Abdalla Awadh, karani wa hoteli moja ya Bofa, na wa pili ni Bwana Mramba wa Tanga. Wengine walirudisha malalamiko. Tutasema kweli siku ya leo: walikuchosha. Kila jioni ulikuwa na barua za kujibu, na nyingi ziliandikwa kama amri.

"Huyu anayekufokea ndiye mkubwa wako?" Hawe alikuuliza siku moja.

"La. Simjui."

"Mlikubaliana umfanyie kazi?"

"Alichukua bure, Hawe, kama wengine."

"Basi mgeni anafokaje katika nyumba ya watu!"

Ukasema, "Labda naye anafokewa huko aliko," ukachukua karatasi nyingine ukamjibu kwa upole. Hawe aliinuka. Alikuletea chai, akakaa karibu nawe hadi umalize.

Mwezi wa Novemba 1987, mchana, wewe ukiwa kazini, alikuja bwana wa kampuni moja kutoka Nairobi. Alibisha hodi vizuri, akamwamkia Hawe shikamoo. Hawe alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, naye akaongeza mara mbili.

"Nimesikia hapa programu hutolewa bure, mama."

"Bure kabisa, mwanangu. Diski hizo hapo, chukua."

Daftari la majina lilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Hawe alilitazama. Akamtazama mgeni, mchuzi bado uko vidoleni mwake, akaona haya. Kwao Hawe mtu hamlishi mgeni kisha akamwandikisha kama yuko kituo cha polisi. Akamfungia korosho katika gazeti, akamsindikiza hadi barabarani.

Uliporudi uliuliza, "Ametia jina?"

"Alikuwa mgeni, mwanangu."

"Hawe, hawa wageni wako watatumaliza!" Ulisema hivyo ukicheka, wala hukulitaja tena. Yeye hulitaja kila siku.

Aprili iliyofuata Abdalla alileta kijitabu cha karatasi za kung'aa kilichopelekwa hotelini kwao pamoja na diski. Kampuni ile ilikuwa ikiuza programu mpya, "iliyobuniwa na wataalamu wetu". Hawe aliweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akasoma mstari kwa mstari, kurasa arubaini na mbili, akitafuta jina lako. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akidhani ameruka. HODI ilikuwamo. KARIBU ilikuwamo. Hodi tatu zilikuwamo. Abdalla akaifungua diski yao kwenye kompyuta ya hotelini. Mistari yote ya majina ilikuwa imeondolewa, wako, wake Abdalla, wa Bwana Mramba na wa Hawe.

"Jina langu wamelifuta," ulisema, "makosa yangu wameyaacha."

Ni kweli, kosa moja lilibaki: karatasi ndefu ilikuwa ikikatika ikafika nusu. Ndiyo maana mwezi wa Agosti, wewe ukiwa umelala na miguu imevimba, karani wa hospitali moja ya misheni alikuandikia. Walinunua kwa kampuni ile, na orodha yao ya dawa ilikuwa ikifika bila mwisho. Jina lako alilipata kwa mtu.

"Waambie wakawaulize waliowauzia," Hawe alisema. Hatukuwahi kumsikia na sauti ile.

"Wameuliza. Hawajajibiwa."

"Na wewe utajibu mpaka lini?"

"Mpaka orodha ifike nzima, Hawe. Mgonjwa hajui nani kamfuta nani."

Siku tatu ulimsomea Easter la kuandika, mstari mmoja, unapumzika, mstari mwingine. Abdalla aliyapeleka marekebisho hayo ofisini kwao, akayajaribu, yakakubali. Jumatano diski ilitiwa posta kwenda hospitali ile. Ijumaa ulikuwa umekwenda.

Katika wiki ya matanga zilifika barua tisa, zote zinakudai. Moja ilisema, "Tumekuandikia mara mbili hujajibu. Uzembe huu hauvumiliki." Hawe alizijibu zote kwa mkono wake, kwa zile herufi zake kubwa: "Jedida amefariki. Mtuwie radhi kwa kuchelewa." Watu wawili waliandika pole. Waliobaki waliuliza ni nani sasa atakayewarekebishia. Mazishini, katika wale mia moja thelathini na mmoja, alikuja Abdalla peke yake. Na mwezi wa Disemba kampuni ile ilitoa toleo jipya lenye dawa ya kosa lile la karatasi ndefu, maneno yale yale uliyomsomea Easter ukiwa kitandani, neno kwa neno.

Tangu hapo Abdalla na Bwana Mramba wamekuwa wakimtunza Mwenyeji na kumgawa bure, na jina lako juu. Juni mwaka huu kampuni imewaandikia waache, kwa kuwa programu ni mali yao, la sivyo watakutana mahakamani. Abdalla aliwajibu kwamba yapo madaftari yako tisa. Wakasema penseli haina tarehe, yaweza kuwa imeandikwa jana. Akawaambia mtu wao alikuja hapa nyumbani akachukua. Wakataka waoneshwe jina lake katika daftari la waliochukua.

Halimo. Hawe anajua kwa nini halimo, na hili ndilo linalomla.

Mwezi ujao Abdalla na Bwana Mramba wataamua kama waendelee au waache. Wakiacha, hapatakuwa na mahali popote hadharani palipoandikwa kwamba uliifanya kazi hii, isipokuwa hapa gazetini leo.

Unakumbukwa na nyanya yako Kahonzi. Mama yako Hannah. Ndugu zako Easter na Gona. Shangazi zako na binamu zako wa Matsangoni na Gede. Mama Tumu, ambaye sasa barua zake husomewa na Easter. Na marafiki zako Abdalla Awadh na Bwana Mramba. Utakuwa midomoni mwetu maadamu tungali hai. Mungu akulaze pema.

Hawe ametuomba tuongeze neno moja, Jedida, ambalo si lako. Ni la yule bwana wa Nairobi, kwa kuwa Hawe anaamini kwamba bwana huyo husoma gazeti hili. Baba, hatukufoki. Mbali na mama aliyekupikia, wewe peke yako ndiye unayejua kwamba ulifika kwetu na ulichukua nini. Kahonzi ana miaka sabini na sita na hana shahidi mwingine. Nyumba unaijua. Njoo tena, atakupikia.