Fyuzi Niliyoiweka Ndani ya Bahasha Hii

Mlabani, Ifakara
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa siku zote nilizokaa kimya. Mimi ni mzima wa mwili. Mguu wako je, bado unavimba ikifika jioni? Na maharage ya kule mteremkoni yamepona na mvua hii? Huku maji yamefika nyuma ya choo cha jirani, na mbu ndio wenye nyumba, sisi wageni.

Theresia mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali. Ukifika pabaya usimtazame usoni, endelea tu. Na kama barua ya Mjomba Damasi imefika pamoja na hii, anza na hii. Zote mbili zinakuja kwenye mfuko wa dereva mmoja. Lori lake limekwama kivukoni tangu Alhamisi, pantoni haivuki.

Mama, najua barua ya Mjomba inasema nini. Aliiandikia juu ya meza ya kazi, mimi nikifagia chini yake. Inasema nimeunguza gari la mteja, na kwamba mtume mtu aje anichukue. Najua ni kaka yako, mmetoka tumbo moja, na mimi sijawahi kumsema mtu mkubwa. Lakini nikirudi na sifa hiyo, Baba Mkubwa atarudia aliyoyasema Krismasi, kwamba binti ambaye shule imemwishia na kazi hana asingojewe, aposwe. Siku ile Mjomba ndiye aliyenikingia. Unakumbuka alivyosema: "Niachieni huyu mpaka mpunga uvunwe. Akiijua kazi, nitamwita fundi mimi mwenyewe, mbele ya watu." Sasa mpunga umeshatoa masuke.

Nikueleze tangu mwanzo.

Kuna Bwana Salehe, anauza kaseti kwenye magulio, leo Namawala, kesho Mchombe, na pikapu yake. Alitaka gari lisikike kabla halijaonekana. Spika alikuwa nazo, amplifaya alikuwa nayo, lakini amplifaya ile inataka umeme mkubwa kuliko wa betri ya gari. Kwa hiyo kinahitajika kisanduku katikati. Kisanduku kinaukata umeme wa betri vipande vipande, mara maelfu kwa sekunde moja, kinaupitisha kwenye transfoma, na upande wa pili unatoka umepanda. Bwana Salehe alileta karatasi ya Kiingereza yenye mchoro, imepigwa kopi mpaka herufi zimechoka.

Mjomba ni fundi mzuri wa redio, sitamnyima haki yake. Lakini Kiingereza hakimpandi. Alichukua transfoma ya chuma ya redio ya zamani akaiunga hivyohivyo. Ikatoa moshi. Akaunga nyingine. Duka likanuka kama nywele zilizoungua. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuwapa wateja kiti, na kupasha pasi ya kulehemu kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika. Unanijua, Mama, mbele ya watu sauti yangu haitoki. Lakini ile karatasi nilikuwa nimeisoma yote kwa kamusi yangu ya shule. Nikamwambia karibu na sikio, "Mjomba, hapa wameandika isiwe chuma. Ni jiwe jeusi, kama lile la ndani ya televisheni."

"Wewe umesoma fizikia ya ubaoni," akasema. "Ubao hauungui."

Siku tatu alikaa na jibu lake hilo. Siku ya nne akasukuma karatasi upande wangu bila kunitazama. "Haya, mwalimu. Tulione hilo jiwe."

Nililitoa kwenye televisheni mbovu iliyokuwa ikilaliwa na kuku. Kazi hii haitaki waya mmoja mnene, inataka nyembamba nyingi kwa pamoja. Nikachukua nyuzi saba za shaba nikazisokota juu ya paja, kama wewe unavyosokota kamba ya mbuzi. Mjomba akacheka mpaka akakohoa: "Dada yangu kaniletea msuka mikeka!" Bati za kupozea transista, vile vidude vinavyoukata umeme, nilizikata kwenye sufuria iliyotoboka ya mke wa Mjomba, naye hajanisamehe hadi leo.

Kuna jambo moja katika transfoma hiyo ambalo ukilikosea hakuna msamaha. Nyaya mbili zinazungushwa pamoja, na ni lazima ujue mwanzo wa kila mmoja ni upi na mwisho ni upi. Ukigeuza mmoja tu, transista zinapasuka kama bisi. Zangu za kwanza zilipasuka. Tangu hapo kila mwanzo niliufunga uzi mwekundu wa kushonea. Mjomba alipouona akasema, "Msichana hakosi pambo." Sikumweleza. Naye hakuuliza.

Siku kisanduku kilipokubali, Bwana Salehe alitia kaseti na bati la duka likatetemeka. Mama muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara akapiga kelele, "We Damasi, unataka mafuta yanimwagikie?" Bwana Salehe hakusikia, alikuwa anacheza katikati ya barabara kama mtu aliyeposa leo. Akaja akamshika Mjomba mikono yote miwili. "Fundi, mikono hii ibarikiwe."

Mjomba akanitazama. Nilikuwa nimesimama na birika. Akasema, "Ni kazi ya miaka mingi, ndugu yangu."

Baadaye akaniita nyuma ya duka. "Usinune. Mteja akisikia ni mkono wa msichana, kesho hatumwoni. Ngoja wakizoee kisanduku kwanza, halafu nitawatajia mwenyewe."

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Nilisema ndiyo, Mama, na linaniuma kuliko mengine yote.

Wakaja wateja wengine, nikatengeneza viwili zaidi. Kila kilipopiga walimshukuru yeye, na mimi nikaleta chai.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Ndani ya kila kisanduku niliweka fyuzi. Fyuzi ni waya mwembamba ndani ya kichupa cha kioo, na kazi yake ni kufa kwanza ili vingine vipone. Ikikatika, maana yake kuna kosa mahali fulani, ulitafute. Jumanne iliyopita Bwana Salehe alisimama mlangoni, gari linanguruma, hataki hata kulizima. "Fundi, imekata. Na gulio la Namawala linanisubiri." Fyuzi za kiasi kile zilikuwa zimekwisha dukani. Mjomba akatoa pakiti yake ya sigara, akachana ile karatasi ya ndani inayong'aa kama fedha, ambayo hupitisha umeme bila kukatika, akaiviringisha kwenye fyuzi iliyokufa, akairudisha mahali pake.

"Itakufikisha," akasema.

Nilifungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Lakini mteja alikuwa amesimama pale, na Mjomba ni Mjomba. Nikaufunga. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Langu ni hilo moja.

Kumbe waya wa spika ulikuwa umechubuka mlangoni mwa gari, unagusa bodi. Fyuzi ndiyo iliyokuwa ikilalamika. Ilipozibwa mdomo, amplifaya ikaungua, nyaya za betri zikashika moto, kiti cha abiria kikateketea mpaka springi. Mungu ni mkubwa, hakuna aliyeumia.

Jumatano asubuhi pikapu ikarudi inavutwa na trekta. "Damasi! Toka nje uone ulichonifanyia!" Watu wakajaa. Mjomba akatoka akifuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe haikuwa na uchafu. Akasema, "Kaka, nisamehe. Kisanduku kile sikukitengeneza mimi. Alikitengeneza huyu mpwa wangu, anajifunza."

Mama, ilikuwa mara ya kwanza Mjomba kusema ukweli huo mbele ya watu.

"Msichana?" Bwana Salehe akasema. "Gari langu umempa msichana achezee?"

"Loo, ndiyo maana," akasema mama wa vitumbua.

"Anarudi kwao," Mjomba akasema. "Nimeshaandika barua." Hakuwa ameandika. Aliandika alipoingia ndani.

Bwana Salehe akanigeukia. "Ni kweli? Ni wewe?"

"Ndiyo, ni mimi," nikasema, na sauti ilitoka. Ya fyuzi sikuyasema. Sikuweza kumvua nguo Mjomba wangu barabarani. Nakuambia wewe tu.

Walipoondoka nilikifungua kisanduku. Transista zimekufa, lakini jiwe lilikuwa zima, nyuzi zangu saba nzima, na uzi mwekundu haukubadilika hata rangi. Fyuzi ilikuwa bado imevaa karatasi yake. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye pamba. Huhitaji kujua umeme, Mama. Itazame tu, na uinuse. Ni karatasi ya sigara zilezile ambazo Mjomba alikuwa akija nazo Krismasi, mimi na Theresia tukatengenezea vikombe vya wanasesere.

Sitaki umgombeze kaka yako. Naomba tu usitume mtu kuja kunichukua kama mtu aliyeiba. Wewe ukiniita nyumbani nitakuja, lakini Baba Mkubwa aambiwe kwanza kwamba kazi ninaijua.

Na bado hujasikia la jana. Mjomba aliniita, akapanga mezani mawe meusi matatu. "Kuna wateja watatu wanangoja. Kabla hujaondoka, nisokotee haya." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Nimeyasokota yote matatu, vizuri, maana kusokota vibaya sijui. Ila safari hii sikufunga uzi mwekundu. Mwanzo wa kila waya nimeuandika kwenye daftari langu. Nikamwambia, kwa sauti, mteja mmoja akiwa amekaa palepale kwenye kiti, "Mjomba, usiziunge kabla hujaniuliza mwanzo ni upi."

Akacheka. "Nikuulize wewe?"

Leo kabla ya misa nilimkuta peke yake dukani, ameshika transfoma moja, anazigeuza zile ncha, zote zinafanana. Aliponiona akaiweka chini. Nyuzi nyekundu ziko mfukoni mwa sketi yangu. Bado hajaniuliza.

Msalimie Bibi, Theresia amwambie kwa kelele sikioni ili asikie kwamba nilimtaja. Mama yangu wa ubatizo mwambie rozari yake ninayo. Mwalimu wangu wa fizikia mwambie daftari lake halijaliwa na mchwa. Baba Mkubwa mpe shikamoo yake, hiyo tu. Theresia, ahsante kwa kusoma. Sasa fungua ile nyingine.

Mimi binti yako,
Gaudensia,
niliyekitengeneza.