Mama Alimfuata Dereva

Ghorofa ya pili, mlango wa nane,
Juu ya gereji.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Kile kifua chako kimetulia, au baridi bado inakusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi Mungu anatushikilia. Mimi mzima, na shemeji yako mzima, ingawa mgongo unamkumbusha kila asubuhi kwamba fundi magari naye huchakaa.

Mama nilifika naye salama. Najua ndilo unalosubiri, kwa hiyo nalitanguliza. Lakini kuna jambo la njiani ambalo kwenye simu nilishindwa kulisema, maana alikuwa amekaa karibu yangu.

Tulipanda lile basi la bei nafuu, kwa kuwa ndilo linalopita mbele ya nyumba yake. Ulishalipanda, huna haja ya kuhadithiwa: siti hazilali, pazia moja mnagombania watu wanne, na magoti ya mwenzio yako mgongoni mwako safari nzima. Mama hakulalamika. Alifunga nyumba kwa mkono wake, ufunguo akampa jirani yake fundi cherehani, akapanda bila kugeuka nyuma. Nikasema moyoni, Bwana amesikia maombi yetu, amekubali kuhama.

Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi, kondakta anamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha. Alishuka akamshika Mama mkono kwenye ngazi, akamwambia, "Leo wewe ni mama yangu. Mimi ndiye nitakayekufikisha." Mama akamjibu, "Ukinimwaga nitakushtaki kwa mama yako mzazi." Akakaa nyuma yake, wakawa wanazungumza kama watu waliokua pamoja.

Katikati ya safari tukasimama mahali pa kula. Kondakta akapaza sauti, "Dakika kumi! Wa chooni, chooni, wa chai, chai! Atakayeachwa asinilaumu, wa kunilaumu ninaye nyumbani!" Nilimpeleka Mama chooni, kisha nikamwacha mlangoni anisubiri na mimi niingie. Nilipotoka, hayupo.

Kaka, usiombe yakukute. Niliita mpaka sauti ikakauka. Basi letu linapiga honi, watu wameshaanza kuguna, kondakta anasema gari haliwezi kungoja mtu mmoja. Abiria mwenzetu mmoja, muuza mitumba, ndiye aliyenisaidia. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akasema, "Liondoke basi, lianze na mguu wangu huu. Mama wa mtu hajaonekana."

Hapo ndipo nikaona kwamba kwenye usukani kakaa kijana nisiyemjua. Nikauliza, Taratibu yuko wapi? Kondakta akasema kampuni yao haina pa kuwalaza madereva, kwa hiyo mabasi yao mawili yakikutana pale, madereva hubadilishana magari, kila mmoja akalale kwake. Akanionyesha basi jingine upande wa pili, rangi ileile, limeelekea tulikotoka.

Nilikimbia. Nikamkuta Mama siti ileile ya nyuma ya dereva, mkoba magotini.

"Mama, hili si letu!"

"Nimemfuata dereva wangu. Si alisema atanifikisha?"

Taratibu uso ukamshuka. "Mama yangu, nisamehe. Mimi narudi. Hili linakwenda kwenu."

Nilidhani atacheka ainuke. Hakuinuka. Alitazama nje, akauliza polepole, "Linafika mpaka pale kwangu?"

"Mpaka mlangoni, Mama."

"Basi niacheni humu."

Nilimbembeleza, Kaka. Honi zinalia pande zote mbili. Taratibu akazima injini, akainamisha kichwa kama mtu aliye ibadani. Mwishowe Mama akaniuliza, "Ni kaka yako aliyesema nihame?" Nikajibu ndiye. "Amesema yeye, au mmesema ninyi?" Nikamwambia, "Amesema yeye, Mama." Akanishika mkono, akainuka. Kwenye ngazi akamwambia Taratibu, "Ukipita pale kwangu, piga honi. Fundi cherehani atajua ni salamu zangu."

Tangu tufike anakula, anasali, hana neno na mtu. Lakini kila asubuhi akishaoga huvaa lile gauni la safari, akakaa dirishani na mkoba wake. Hapa chini ni gereji, honi zinajaribiwa kutwa. Kila ikilia moja, anainua kichwa.

Najua ulifanya kwa upendo. Alianguka bafuni peke yake, na wewe uko mbali, ungelalaje usingizi? Sikulaumu hata kidogo. Nimeliweka mbele za Mungu siku hizi zote, na kila nikipiga magoti jibu linalonijia ni lilelile. Mpangaji uliyempangishia nyumba ya Mama hajaingia, ataingia mwezi ukiisha. Mimi niko tayari kurudi na Mama nikakae naye, na shemeji yako ameridhia, anasema atajipikia hata kama ni kuunguza. Ila nikimwambia Mama mimi, hatasikia. Alihama kwa neno lako, na ni kwa neno lako tu atakubali kurudi.

Nisalimie Wifi, na Kibonge, na Kitindamimba wenu, mwambie shangazi anamkumbuka. Mungu awafunike ninyi nyote, mlalapo na muamkapo, na atukutanishe Mama angali anatuona.

Nijibu upesi, Kaka, kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako akupendaye daima,
Dada wa Juu ya Gereji