Leo Furaha amelala mgongoni kwa baba yake

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, maji ya mtaro yamefika tena mlangoni kwetu hapa Bwaise, na mimi sina nguvu hata ya kushika ufagio.

Labda kansa imerudi.

Niliisikia wiki iliyopita nikimfunga Furaha mgongoni. Pale ninapokaza kitenge, chini ya kwapa, upande ule waliokata titi, pakauma. Nikapapasa. Kitu kigumu, kidogo kama punje ya hindi. Nikakifunga kitenge upande wa pili, nikajifanya sijui.

Leo daktari amekishika kwa vidole viwili. Halafu akasema watakata kinyama wakapime, na kwamba nitapewa sista wangu mwenyewe, muuguzi wa wagonjwa wa kansa tu.

Hapo ndipo nilipokata tamaa. Mwaka ule nilipolazwa kukatwa titi, mama wa kitanda cha jirani naye alipewa sista wake. Hakumaliza mwezi. Wodini sote tulijua: ukipewa wako peke yako, basi.

Sista anaitwa Zaituni. Baba yake alikuwa askari wa kambi ya Mbuya, na jeshini husema Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili anacho cha nyumbani, namshukuru Mungu, maana Kiganda changu ni cha sokoni. Nikamuuliza wazi kama ametumwa kunisindikiza.

Akacheka kidogo. "Mama Furaha, mimi kazi yangu ni kukusumbua. Usipokuja kupimwa nakupigia simu mpaka uchoke."

Nikamuuliza: haijarudi, si ndiyo? Alinishika mkono tu. Afadhali angenidanganya.

Halafu akaniambia wakishanikata nisimbebe mtoto mpaka kidonda kipone. Nani atambeba?

Kwetu Kongo mwanaume habebi mtoto mgongoni. Lakini jioni nilimwambia mume wangu, na yeye, mtu wa kubeba mizigo sokoni Kikuubo, hakubisha. Akainama, nikamwekea Furaha. Kitenge akakikaza kama anafunga gunia la mchele, mtoto akalia, tukafungua, nikamfundisha tena.

Akatoka naye barazani. Mama Aisha wa mlango wa pili akamwona. "Eh, Baba Furaha, leo wewe ndiye mama?"

"Leo nafundishwa," akajibu. "Usinichekeshe, ataanguka."

Mama Aisha alicheka, halafu akaniangalia mimi mlangoni, akaacha kucheka.

Furaha alilaza shavu kwenye mgongo wa baba yake, akalala. Haraka kuliko anavyolala kwangu.

Nilifurahi, kweli. Ndicho nilichokitaka, azoee. Nikaingia ndani nikalia na mdomo kwenye mto, wasinisikie.

Maana kama anaweza kulala bila mimi, anaweza na mengine.

Sijui nimuombe Mungu nini. Azoee, au asizoee?

Sista Zaituni amesema kesho asubuhi atanisubiri kwenye geti la hospitali, nisiingie peke yangu kukatwa. Nitaenda. Na kabla sijatoka nitambeba Furaha kwanza, mpaka barabarani tu, hata kama pale panauma.