Unga Mweusi Ndani ya Chupa

Jumamosi, 8 Juni 1996

Nimefua sare. Nimefagia maabara. Ni zamu yangu mpaka muhula uishe, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa Chama cha Sayansi. Mzee Shiundu, mtunza maabara, alikuja kukagua. Akainama chini ya meza, akaokota kijiti kimoja cha kiberiti, akanionyesha. Nikafagia upya.

Siku sita zimebaki Senje Roselida aje shuleni. Senje ni dada ya Baba. Alikulia Chekalini, kijijini kwetu, akapalilia mahindi kama sisi, na sasa yuko ng'ambo katika maabara ya vichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali, na chenyewe hakipungui. Yeye huvitazama kwa hadubini ya elektroni mpaka anaona atomu. Amekuja nyumbani likizo, na Mwalimu Mkuu amemwomba azungumze nasi Ijumaa.

Kabla ya mazungumzo, Chama kitamwonyesha jaribio. Tutapasha moto chumvi nyeupe ya maabara, si ya kula, pamoja na unga mweusi wa manganizi, tupate oksijeni. Unga ndio kichocheo. Tumechaguliwa wawili, mimi na Phanice, rafiki yangu wa kitanda cha juu.

Nataka kuwa kama Senje. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Phanice.

Jumapili, 9 Juni

Chupa ya unga mweusi ni tupu! Niligundua baada ya ibada, nilipoingia kupanga vifaa. Nikipeleka habari, nitaambiwa tusubiri muhula ujao. Nimekuwa hivyo tangu Kidato cha Kwanza: nasubiri muhula ujao.

Nikafungua kitabu cha kemia. Kinasema ndani ya betri ya tochi kuna unga huohuo wa manganizi. Sasa, betri zilizokufa hazikosi bwenini. Wasichana huzipanga dirishani zipigwe na jua, eti zifufuke. Wengine huziuma. Nimekusanya kumi na moja, zote zina alama za meno. Nikazipasua kwa jiwe nyuma ya jikoni. Nikautoa unga, nikauosha, nikauanika juu ya gazeti.

Jioni ulikuwa umekauka. Nimeutia ndani ya chupa. Chupa ina karatasi yenye mwandiko mzuri wa Mzee Shiundu. Ukiitazama, haina tofauti na zamani.

Sikumwambia mtu. Najivunia sana.

Jumatano, 12 Juni

Siwezi kuandika vizuri.

Saa kumi alasiri tulikuwa tunafanya mazoezi. Mwalimu Wafula wa kemia alikuwa mjini kwa mkutano, Mzee Shiundu akasimama nasi. Miwani ya kukinga macho iko moja tu. Niliivaa mimi, mwenyekiti. Phanice alishika mrija wa kioo wenye mchanganyiko kwa koleo, juu ya moto wa gesi. Alikuwa akinicheka. "Na hiyo miwani unafanana na panzi, mwenyekiti."

Kisha mlio.

Sikuona chochote kikiruka. Niliona tu mkono wa Phanice ukiwa wazi, na mrija haupo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nini?" Kisha akapiga kelele. Damu ilitoka jicho la kushoto. Mzee Shiundu alimbeba mikononi kama mtoto mchanga, akakimbia naye hadi kwenye gari la shule. Mzee ambaye hata ngazi humpa taabu.

Mimi nilibaki nimesimama na miwani yangu.

Alhamisi, 13 Juni

Phanice amelazwa hospitali mjini. Wametoa kipande cha kioo. Hawajui kama ataona. Mama yake alikuja asubuhi kuchukua sanduku lake. Alinishika bega akasema, "Asante kwa kuwa rafiki yake." Nilimbebea sanduku hadi langoni.

Nimerudi kwa kile kitabu. Ule ukurasa wa betri, nilikuwa nimeusoma mpaka chini, nikafunga. Leo nimefunua ukurasa unaofuata. Sentensi ya kwanza: unga wa betri umechanganywa na kaboni ili upitishe umeme. Kaboni ni makaa. Makaa, ile chumvi, na moto. Hata mtoto wa Kidato cha Pili anajua vitalipuka.

Sentensi moja. Ilikuwa inanisubiri nyuma ya karatasi.

Mwalimu Mkuu alituita wanachama wote. Anasema unga uliingiwa na kitu, na chupa zote ziko chini ya Mzee Shiundu. Mzee ameambiwa akae nyumbani mpaka Bodi ikutane Jumatatu. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuja mlangoni kutuaga, kofia mkononi.

"Watoto wangu, nisameheni. Macho yangu yamechoka. Labda nilikosea chupa."

Watu wote walinyamaza. Nami nikanyamaza. Najua kila mtu alikuwa ananyamaza kwa huzuni. Mimi nilikuwa nanyamaza kwa woga.

Nikisema, nitafukuzwa. Msichana aliyefukuzwa kwa kulipua maabara hapokelewi shule nyingine. Nitarudi Chekalini kupukuchua mahindi, na habari ya atomu iishie hapo. Nisiposema, mzee atafukuzwa. Nimelipanga kama hesabu, mara tatu. Jibu ni lilelile na silitaki.

Ijumaa, 14 Juni

Senje amekuja. Nilidhani wangemzuia, lakini Mwalimu Mkuu alisema tunamhitaji leo kuliko jana. Jaribio halikufanywa.

Alisimama mbele ya bwalo. Mfupi, viatu bapa, nywele fupi. Alisema hadubini yake ni ndefu kuliko mlango, na iko katika chumba cha chini chenye sakafu yake peke yake, kwa sababu mtu akitembea kule juu, atomu zinatikisika. Alisema vichembe vya platini juu ya unga wake vinaonekana kama shamba la kwetu Lugari ukilitazama kutoka kilimani: mistari, mistari, na mahali fulani mstari umepinda. Pale palipopinda ndipo kazi inapofanyika. Wasichana walicheka aliposema hutumia wiki nzima kutazama kitu ambacho hakiwezi kuchafua hata ukucha.

Msichana mmoja akauliza, anajuaje kichocheo kikiharibika. Senje akajibu kwamba unga mwingine ukiutazama kwa macho ni uleule, ila ndani umeingia mgeni. "Kazi yangu karibu yote ni kumtafuta mgeni," akasema.

Niliinuka kwenda kusaidia kupanga vikombe vya chai.

Baada ya chai Mwalimu Mkuu alimwomba aitazame ile chupa, ili Bodi iwe na neno la mtaalamu. Senje akasema hapa hana hadubini yake, lakini hata ile ndogo ya biolojia inaweza kutosha. Kesho saa tatu. Na akataka nimsaidie, mtoto wa kaka yake.

Sijala. Nimefikiria kuimwaga chupa. Nimefika mpaka kwenye mlango wa maabara. Umefungwa, na ufunguo sasa anao Mwalimu Mkuu. Nashukuru ulikuwa umefungwa. Sijui ningefanya nini. Ndiyo, najua.

Jumamosi, 15 Juni

Niliibeba hadubini kutoka kabatini. Senje alichota unga kidogo kwa ncha ya kisu, akautandaza juu ya kioo. Akatazama. Akasogeza kioo. Akatazama tena kwa muda mrefu. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilisikia saa ya ukutani.

"Njoo uone."

Nikainama. Kulikuwa na chembe nyeusi zisizong'aa. Kati yake vipande bapa vinavyometa, kama magamba ya samaki. Na unyuzi mmoja wa karatasi ya kahawia, kutoka ndani ya betri. Niliutambua mara moja. Nilikuwa nimeviosha kwa mikono yangu na sikuviona.

"Vile vinavyometa ni kaboni," alisema Senje. "Na ile karatasi mimi naifahamu. Baba yako na mimi tulikuwa tunapasua betri tukiwa wadogo, tunachora ukutani kwa kile kijiti cheusi cha katikati. Tulichapwa." Akasogeza hadubini kando. "Huyu mzee wenu hupasuanga betri?"

Nikasema hapana. Nikasema ni mimi. Nililitamka vibaya, ikabidi nirudie.

Hakunikumbatia. Hakunigombeza. Aliniuliza maswali kama anayeandika ripoti: betri ngapi, nilipasua wapi, nilikausha juu ya nini, kwa nini sikubandika karatasi mpya kwenye chupa. Nikayajibu. Hilo la karatasi ndilo lilikuwa gumu. Nilitaka aone chama chetu hakikosi kitu.

Alikaa chini. Mara ya kwanza nikaona amechoka.

"Sitakusemea," akasema. "Utaingia ofisini mwenyewe. Mimi nitakaa kwenye benchi hapo nje."

"Senje, watanifukuza."

"Wanaweza."

Ningependa kuandika kwamba niliingia kwa ujasiri. Nilisimama mlangoni mpaka katibu akaniuliza kama naumwa. Nikaingia. Nikasema yote, pamoja na miwani.

Jumatatu, 17 Juni

Bodi ilikaa kuanzia saa nne hadi saa saba. Nilisubiri nje na Baba. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alinipa leso yake.

Uamuzi: nimesimamishwa masomo mpaka muhula wa tatu. Nimeondolewa katika Chama. Kama nitarudi maabara, Mwalimu Wafula ataamua wakati huo. Mzee Shiundu anarudi kazini kesho.

Hawajanifukuza. Nilitegemea nitafurahi. Naogopa bado, ila sasa naogopa jambo moja tu, jicho la Phanice. Na hilo hakuna Bodi inayoliamua.

Mama yake amejua. Alikuwa ofisini akaniona. Safari hii hakunishika bega.

Jumanne, 18 Juni

Kabla hatujaenda nyumbani, Senje alinipeleka Lubao, kwa Mzee Shiundu. Nilimkuta anafunga kamba za viatu, tayari kwenda kazini; alikuwa ameambiwa arudi, hajaambiwa sababu. Nilipiga magoti nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi.

Alivua kofia akaketi tena.

"Kwa hiyo sikukosea chupa?"

"Hapana, Mzee."

"Macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, Mzee."

Akafunika uso kwa kofia, akalia. Mke wake alitoka jikoni, akadhani tumeleta habari ya msiba. Kumbe siku tano mzee huyu alikuwa amekaa humu ndani akiamini amempofusha mtoto. Hilo nalo ni langu. Sikuwa nimeliweka katika hesabu.

Alipotulia alisema, "Ningekuwa baba yako ningekuchapa. Sasa amka, magoti yako yanachafua sakafu ya mama." Akatukaribisha chai.

Jumapili, 23 Juni

Senje amerudi Nairobi, ataondoka nchini kesho kutwa. Hakuniahidi chochote. Hakusema nitakuwa mwanasayansi. Aliniachia daftari tupu, akaniambia niandike kwanza vile nilivyofanya, halafu vile nilivyotaka kufanya, na nisichanganye.

Mama yangu alinipeleka hospitalini mjini baada ya ibada, na kuku wa kuchemsha kwenye sufuria. Mama yake Phanice alikuwa kando ya kitanda. Aliupokea ule mzigo. Alisema, "Kaa." Nikakaa.

Bandeji ilitolewa jana. Jicho ni jekundu sana, kona yake ina uzi mweusi wa kushonea. Phanice anajua yote. Alinitazama kwa lile la kulia, akalifunika kwa kiganja, akabaki na la kushoto. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Nakuona," alisema. "Lakini huna pua."

"Hata kidogo?"

"Hakuna. Pua imeenda. Midomo pia. Ni afadhali." Hakucheka. Kisha akasema, polepole, "Nimekukasirikia sana. Bado."

Nikasema najua.

Daktari anasema huenda patakuwa na ukungu miezi mingi, na huenda ukaisha, na huenda usiishe. Phanice ameambiwa afanye mazoezi kila siku: kufunika jicho zima na kutazama kitu kimoja kwa lile bovu, dakika chache. Aliniuliza kama ninaweza kukaa nisitikisike, ili awe na kitu cha kutazama.

Nilikaa. Nje watu walikuwa wanateka maji, ndoo zinagongana. Mama zetu walianza kuzungumza taratibu juu ya mahindi. Nilitulia kadiri nilivyoweza, mikono magotini, huku Phanice akinitazama.