Zimwi Lililomsahau Mwanamke

Mjukuu wangu Kabula,

Hapa Shinyanga hatujambo, na mtamba wako amezaa. Umeniuliza kama uache chuo cha madini huko Geita, maana wavulana wanasema shimo si la wanawake.

Nilipokuwa binti, Mama Kirani, mke wa Mhindi mwenye duka, alinisimulia habari za Durga, mungu wa kike wa sikukuu yao ya Navaratri. Zimwi lenye umbo la nyati liliomba kwa miungu lisiuawe na mwanamume yeyote, likakubaliwa. Mwanamke halikumtia hesabuni. Durga akaliua.

Nikauliza, "Na nyama waligawanaje?"

Mama Kirani, asiyekula nyama, alicheka hadi machozi. "Nyie Wasukuma!"

Hao wavulana nao hawajakutia hesabuni. Vaa kofia yako, mama, ushuke. Nyama tutagawana ukirudi.

Bibi yako